Alasiri ya Senema ya Wanawake

Kila ninapokwenda harusini, pale wanawake wanapokuwa wamebanana chumbani, asumini zimeanza kunyauka vichwani, udi umechanganyika na jasho na kuna mtu pembeni anatafuna njugu, moyo hunienda mbio. Wenzangu hudhani ni joto. Hunipepea kwa ncha za kanga na kunisogeza dirishani. Mimi huwaachia wadhani hivyo, maana ningewaeleza nini? Pua yangu haijui kwamba niko harusini. Inajua kwamba niko senema, taa zimezimwa, na kiti cha pembeni yangu kimebaki kitupu.

Ukipita pale leo utaona ukuta mrefu uliobabuka chokaa, paa lililoshuka upande mmoja, na mpapai ulioota mahali palipokuwa dirisha la tikiti. Wengine wanasema patajengwa hoteli. Wengine wanasema maduka. Wapo vijana wanaotaka jumba lirejeshwe kama lilivyokuwa, na walikuja mpaka nyumbani kwangu kuniuliza ninakumbuka nini. Niliwahadithia habari za pazia jekundu lililofunguka kwa mlio kama wa mtu anayekoroma, viti vya mbao vya mbele vilivyochana nguo, na viti vya mto vya nyuma tulivyovigombania. Walifurahi sana. Hiki ninachokuambieni nyinyi sasa, wao sikuwaambia.

Jumapili alasiri ilikuwa senema ya wanawake. Hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kuvuka mlango, awe nani, isipokuwa fundi wa mashine, naye alipandia ngazi ya nje na kujifungia chumbani kwake juu. Mlangoni alisimama Bi Mgeni, mwanamke mnene wa Ng'ambo, tochi mkononi, na alikuwa akimpisha kila mtu kwa jicho kali hata kama alimjua tangu kuzaliwa. Picha nyingi zilikuwa za Kihindi. Kihindi tulikijua maneno ya mapenzi na ya matusi tu, lakini hakuna aliyepotewa na kisa. Bi Mgeni alikuwa keshaziona zote, na akisikia mtu anaanza kwikwi mapema, alimmulika usoni: "We, weka machozi! Bado hajafa huyo!" Ukumbi mzima ulicheka, kisha tukarudi kulia.

Mle ndani wanawake walifungua mabuibui, wakavua viatu, wakapitishiana njugu na kachori, wakasemana na kusameheana. Nje mambo yalikuwa mengine. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi ya Unguja, na watu wazima walikuwa wamejifunza kuzungumza huku wakitazama mlango. Nilikuwa nikiingia chumbani, maneno yanakatika katikati. Nilizoea hivyo, nikadhani ndivyo watu wazima walivyo duniani kote.

Nyumbani kwetu Mkunazini tulikuwa watatu: Mama, dada yangu Zuhura na mimi. Baba alikwishafariki. Da Zuhura alikuwa akimalizia skuli, mrefu, mpole, na alipenda kusoma hata akiwa anachekecha unga. Mimi, Raya, nilikuwa na miaka kumi na moja na kazi yangu kubwa ilikuwa kumuudhi.

Mtu mmoja mkubwa, mwenye cheo na gari, alimwona akitoka skuli. Mtu wa makamo, na wake anao. Alileta posa, na Mama akajibu kwa adabu kwamba mtoto bado anasoma. Mjumbe akarudi. Safari hii hakuwa amekuja kuposa. Alikaa ukumbini kwetu, akanywa kahawa yetu, akamwambia Mama siku ya harusi, kama mtu anayekuambia siku ya Idi. Alipoinuka alisema, "Bi Mkubwa, watu wanaokataa heri siku hizi wanajitafutia." Hakumaliza. Mama alimsindikiza mpaka mlangoni.

Kuanzia siku ile kijana mmoja mwenye baiskeli akawa anakaa kwenye baraza iliyokabili mlango wetu. Alikuwa na adabu zake. Kila Mama akitoka, "Shikamoo, Bi Mkubwa." "Marahaba, mwanangu." Kisha anasimama, anaikokota baiskeli yake, anatufuata mpaka sokoni na kurudi. Usiku huwa yuko mwingine. Da Zuhura aliacha kula. Mama aliacha kuimba jikoni. Mimi niliacha kumuudhi dada yangu bila kuambiwa na mtu.

Jumapili moja, zimebaki siku chache harusi ifike, Mama alisema, "Vaeni, tunakwenda senema." Nilishangaa, kisha nikafurahi, kwa kuwa mtoto hakai na mshangao muda mrefu. Da Zuhura alivaa buibui lake jipya linalong'aa na viatu vyeupe vya kisigino ambavyo mtaa mzima ulivijua. Kijana wa baiskeli alitufuata mpaka senema. Mlangoni Bi Mgeni alimtazama juu mpaka chini, akamwambia, "Wewe ukasubiri kule kwenye kahawa." Naye akaenda.

Tulikaa safu za kati, karibu na ukuta. Picha ikaanza. Kulikuwa na mama mgonjwa na watoto waliopoteana, na baada ya muda mfupi nikasahau baiskeli, baraza na yote. Baada ya mapumziko, taa zilipozimwa tena, Bi Mgeni alikuja pembeni yetu bila kuwasha tochi. Nilihisi Da Zuhura anajipindapinda kitini. Alivua buibui lake akaniwekea mapajani, akajitupia jingine kuukuu linalonuka moshi wa kuni. Akavua viatu, akavaa champali. Kisha akaniinamia, midomo yake ikagusa sikio langu.

"Msikilize Mama. Usimwache peke yake."

Nilidhani anakwenda msalani. Wanawake wa safu yetu waliinua magoti kumpisha, na hakuna aliyegeuza uso kumtazama. Muda kidogo nikaona kule mbele, kando ya pazia, mstari mwembamba wa jua la alasiri umechora ukutani, ukapanuka, ukafungika. Mlango wa ubavuni ule haukuwa ukifunguliwa mpaka picha iishe. Nikamgeukia Mama.

"Tazama picha," akasema, sauti yake chini kabisa. "Usinitazame mimi. Dada yako kaondoka na harudi. Tukitoka humu, Zuhura ni wewe."

Nilikuwa nimeshamfikia Da Zuhura sikioni, na vile visigino vilimaliza kilichobaki. Mama alinivalisha buibui gizani, akanishushia ukaya usoni, akachukua vikaratasi vya njugu vilivyotupwa chini akavisokota na kuvishindilia kwenye ncha za viatu. Mikono yake ilikuwa baridi. Kila alichokifanya alikifanya akitazama mbele, kama kwamba kisa cha wale Wahindi kimemteka.

Sijapata kutazama picha kwa namna ile. Zamani nilikuwa nikiomba mgonjwa wa kwenye picha apone, siku ile nilimwomba achelewe tu kufa, kwa kuwa akishakufa, angezikwa, wanawe wangepatana, taa zingewashwa. Bi Mgeni alirudi akasimama kwenye njia ya katikati. Mgonjwa akafa. "Haya," akasema Bi Mgeni, "sasa lieni." Sauti yake haikuwa ile ya siku zote. Wanawake walilia siku ile mpaka mimi nikaogopa.

Nje jua lilikuwa bado kali. Tulitoka tumebanwa katikati ya kundi, kila mtu anapangusa macho, na kijana alikuwa kwenye kahawa amesimama, shingo ndefu. Kundi likatawanyika kidogo kidogo, tukabaki wawili.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Yule mdogo yuko wapi?"

"Kachukuliwa na mama yake mdogo. Anakwenda kulala kwao, Kikwajuni."

Tukaingia kichochoroni, na nyuma yetu gurudumu la baiskeli likawa linalia tik-tik-tik, likipunguza tukipunguza. Mama alinishika kiwiko. Kila hatua kisigino kilitaka kugeuka. Kwenye mfereji nilijikwaa, mguu ukatoka kiatuni, na nikausukuma ndani tena kabla ukingo wa buibui haujainuka. Gurudumu likanyamaza.

"Zuhura!"

Nilimjua dada yangu anavyoitika. "Naam" yake ilikuwa ya kuvuta, ya mtu anayeinua kichwa kutoka kitabuni na akili ameiacha huko huko. Nilikuwa nikimwigiza kila siku kumkera, mpaka ananirushia mto. Nikavuta pumzi.

"Naa-am."

"Mbona kimya leo? Mkubwa anakusalimia."

"Naam" nilikuwa nayo, sauti nyingine ya Zuhura sikuwa nayo. Vidole vya Mama viliingia kwenye nyama ya kiwiko changu, kisha akageuka taratibu akamkabili.

"Kalia picha nzima, sauti imemkauka. Lakini nikuulize, mwanangu. Huyu ni mke wa mkubwa wako, zimebaki siku chache tu. Wewe unamwita jina kichochoroni, unazungumza naye. Mkubwa mwenyewe anajua?"

Niliuona uso wa kijana kupitia ukaya: alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, ndevu bado hazijamjaa.

"Samahani, Bi Mkubwa. Sikukusudia baya."

"Najua. Basi tuachie nafasi tufike nyumbani."

Na kweli akatuachia nafasi, akabaki nyuma kabisa. Mama alifunga mlango, akatia komeo, akakaa chini pale pale kwenye baridi ya sakafu. Nilivua viatu, visigino vyangu vilikuwa vinatoka damu. Nilisimama mbele yake nikingoja. Nakuambieni ukweli, nilingoja kusifiwa. Nilijiona nimefanya jambo ambalo hata wale wa kwenye picha wasingeliweza. Mama hakunitazama. Alisema tu, "Panda juu, vaa kanga ya dada yako, upitepite dirishani mpaka magharibi." Kisha akaenda jikoni, na nilipokuwa nikipanda ngazi nilimsikia akitapika.

Watu wa yule mkubwa walikuja kesho yake jioni. Mama alishanipeleka Kikwajuni kwa mama mdogo alfajiri, kabla yule kijana hajarudi barazani. Aliwaambia mtoto ametoroka na hajui alikokwenda, na wakamchukua. Alikaa mikononi mwao siku kadhaa. Alirudi amekonda, na kuhusu huko hakusimulia hata siku moja. Yule kijana sikumwona tena, wala sijui kilichompata, na mara nyingine humfikiria. Mlango wa ubavuni wa senema ulipigiliwa mbao. Bi Mgeni aliondoshwa, akawa anauza mandazi Ng'ambo, na Mama alipokutana naye njiani walisalimiana kama watu wasiojuana. Baada ya miezi habari zilifika kwa mdomo wa msafiri kwamba Da Zuhura yuko Mombasa, mzima. Nani alimfikisha Mkokotoni, na Mtumbatu gani mwenye mashua aliyemvusha bahari, sijaambiwa mpaka leo. Senema ya wanawake iliendelea miaka michache, kisha nayo ikaisha. Mama hakuingia tena.

Ila kilichonikaa moyoni miaka yote ile hakikuwa jambo la Da Zuhura. Ni kwamba Mama hakuwa akinitazama. Alinipikia, alinisuka, alinifulia, lakini nikiinua uso, yeye huwa keshatazama pengine. Niliamini nilikosea. Niliamini ile "Naam" yangu ilikuwa mbaya, kwamba ndiyo iliyomfanya kijana ashuku na Mama achukuliwe. Nililala na fikira hiyo, nikakua nayo, nikaolewa nayo. Mama akafariki sijamuuliza.

Binti yangu alipofikia umri ule, siku moja nilimtuma duka la jirani, mchana kweupe, akachelewa kurudi kwa kuwa alikuwa akicheza. Nilisimama mlangoni, na hapo hapo ndipo nilipomwona Mama: mwanamke mwenye mabinti wawili, ambaye ili amtoe mmoja kwenye moto alimvalisha mwingine nguo zake, akamshika kiwiko, akapita naye mbele ya moto ule ule. Angeniombaje radhi, na mimi nilikuwa nikingoja sifa? Hakunikasirikia hata siku moja. Aliogopa tu kwamba akinitazama atakuta nimeshaelewa. Ningelijua, jioni ile nisingepanda dirishani. Ningemfuata jikoni, nikamshika mgongo akitapika, nikamwambia kwamba niliogopa sana, na kwamba angeniomba tena ningeitika.