Ngumi za Mwalimu

Mwalimu wetu hapa Kakuma hufundisha kwa ngumi. Ya kushoto ni dunia, ya kulia ni setilaiti, na tochi ya simu inayochungulia kutoka mfukoni mwa shati ni jua. "Kamera iko wapi? Inaangalia wapi? Na jua?" huuliza kwa sauti ya kufika getini, kisha tunaandika programu ya kupata majibu. Tochi husahau kuizima.

Jana ilikuwa picha ya Ziwa Turkana, iliyopigwa saa nne asubuhi. Programu ya mwalimu ilisema giza, ya mwenzetu Nyaboth ikasema jua liko juu. "Futa hiyo takataka," alimwambia mbele yetu. Nyaboth akafuta yote. Ndipo mwalimu akafungua picha yenyewe, na ziwa likang'aa. Aliangalia muda aliouandika kwenye programu yake: nne, kama tunavyosema mdomoni. Kwa kompyuta, nne ni usiku, alfajiri haijafika. Na ni yeye hutuonya kila siku: saa nne yetu, andikeni kumi.

"Labda ni mashine, mwalimu," Nyaboth akasema polepole.

"Eeh," akajibu, macho chini. "Ni mashine."

Jua lake lilikuwa bado linawaka mfukoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia azime.