Damu Tuliyoiita Amiba

Nilikuwa nafundisha mwaka wa tatu wa shule ya msingi huko Nyabiondo, na meza yangu niliiweka karibu kabisa na mlango. Wenzangu walidhani napenda mwanga. Ukweli ni kwamba kutoka mlangoni hadi chooni palikuwa na hatua arobaini na mbili, na kuna siku hatua hizo zilikuwa nyingi mno.

Ugonjwa ulinianza nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Tumbo lilinikata, nikaenda haja mara nane, mara kumi kwa siku, na ndani ya haja hiyo kulikuwa na damu na kamasi. Muuguzi wa kituo chetu cha afya alisema ni amiba, akanipa vidonge. Nikapata nafuu wiki mbili tatu, halafu damu ikarudi. Vidonge hivyo nilivimeza kwa miaka kumi na mmoja. Simlaumu yule muuguzi. Kwetu kila tumbo linalouma ni amiba, na mara nyingi ni kweli.

Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Walikale na mfanyabiashara wa Butembo, alikuwa na tumbo lile lile. Tulizoea kuulizana kwa simu, "Amiba zako zimeamkaje?" na kucheka. Kisha siku moja simu ikapigwa na shemeji. Alisema dada hali tena chakula.

Nilisafiri siku mbili juu ya pikipiki, katikati ya msitu na matope. Nilimkuta hospitalini, tumbo limefura, mikono imebaki mifupa. Walikuwa wamempasua na kumshona bila kutoa kitu. Daktari alituita mimi na shemeji nje.

"Iko kansere ya utumbo mukubwa," alisema. "Imeshafika ku maini."

"Lakini alikuwa na amiba tu, dokta," shemeji akasema.

"Tangu wakati gani?"

"Tangu nimuoe. Kama miaka kumi na saba."

Daktari alinigeukia mimi. "Mu familia yenu, nani mwingine anatoka damu?"

Mimi nilitazama chini. Nilipoinua macho, shemeji alikuwa ananitazama.

Tulimzika dada wiki iliyofuata. Aliacha watoto watatu. Kabla sijaondoka, yule daktari aliniandikia barua ya kupeleka hospitali ya Masisi. Niliikunja nikaiweka ndani ya Biblia, nikarudi darasani, na sikuipeleka. Nilijiambia nitaipeleka wakati wa likizo. Naona sasa kwamba niliogopa kuambiwa.

Likizo haikufika. Mapigano yaliingia Nyabiondo asubuhi ya siku ya soko, tukakimbia na tulivyovaa. Mimi nilibeba Biblia kwa sababu ilikuwa mezani. Tulifikia kambi ya Lushebere, ambako niliishi miezi kumi na minne ndani ya hema la turubai pamoja na mama yangu.

Kambini, vyoo sita vilikuwa vya watu wote wa upande wetu. Foleni ilianza kabla jua halijatoka. Mtu mwenye ugonjwa wangu hawezi kusimama kwenye foleni. Mara ya kwanza niliwaomba wanawake wanipishe, wakanipisha. Mara ya nne kwa siku ile ile, mmoja akasema, "Huyu ana kipindupindu, atatuua." Tangu hapo nilitumia ndoo ndani ya hema, na mama akawa anaimwaga. Alikuwa na miaka sabini. Sikuwa na ujasiri wa kumtazama usoni akitoka nayo.

Ni yeye aliyenitoa kwa nguvu. Aliitoa barua katika Biblia, akaniwekea mbele, akasema, "Nimezika mutoto mumoja. Twende."

Daktari wa Masisi alikuwa mwanamke, mdogo kuliko mimi. Alisoma barua mara mbili. Aliniuliza kazi yangu, nikamwambia.

"Basi mama mwalimu, sikiliza. Ile maladi, ile ugonjwa yako, haiko amiba. Utumbo inajivimbisha yenyewe, inatoka vidonda, inapona, inavimba tena. Sasa fikiri mutoto ananakili somo ku ubao. Akimaliza, unapasua karatasi, unamuambia aandike tena. Unapasua tena. Mwaka yote vile. Itakuwa nini?"

"Atakosea."

"Njo vile. Ngozi ya ndani ikiliwa na kidonda, mwili inatengeneza ingine, na kila mara inanakili maandishi yenye iko ndani ya seli. Kosa inaingia. Makosa mingi haina shida. Lakini kuna pahali moja mu yale maandishi, pale njo panaambia seli mbaya: simama, usizae. Kosa ikiingia pale, hakuna wa kuisimamisha tena."

Nilimuuliza kama tulirithi kosa hilo kwa wazazi, kwa sababu mama alikuwa ameketi pale pale na nilijua analisubiri swali hilo.

"Hapana. Hamukuzaliwa na ile kosa, inazaliwa ndani ya utumbo yenyewe. Yenye inaweza kutembea mu familia ni kuvimba." Akageukia kwangu. "Kwa watu wengine, kansere inaanza na kinundu, na ile kosa inakuja mwishoni. Kwa watu kama wewe inakuja mapema, ngozi ingali laini, macho haioni kitu. Lazima wakuingize mashini ya kamera mu utumbo, wachukue vipande pahali mingi. Ile mashini iko Goma."

"Barabara imefungwa," nikasema.

"Najua."

Alinipa vidonge vya kutuliza uvimbe vya mwezi mmoja, ndivyo alivyokuwa navyo.

Kuanzia siku hiyo hali yangu ilikuwa mbaya zaidi kuliko zamani, ingawa tumbo lilikuwa limetulia. Zamani nilikuwa na maumivu. Sasa nilikuwa najua. Nililala nikifikiria kwamba labda usiku huu huu, ndani yangu, kosa lile limeingia pale pahali. Goma haikuwa mbali. Wakati wa amani nilikuwa naenda asubuhi na kufika mchana. Kila siku nilienda barabarani kuuliza, na jibu lilikuwa moja.

Mwezi wa tano, vidonge vikiwa vimekwisha na damu imerudi, nilijaribu kwenda kwa pikipiki. Kwenye kizuizi cha kwanza watu wenye bunduki walitushusha, wakatuambia tusimame mikono juu wakati wanapekua mizigo. Nilisimama. Niliwaomba niende kichakani. Mmoja akasema, "Usitikisike." Na tumbo halikungoja. Nilikuwa mwalimu mwenye miaka thelathini na mitano, nimesimama katikati ya barabara mikono juu, na damu inashuka hadi kwenye viatu. Yule aliyenikataza aliangalia pembeni, akaturudisha tulikotoka. Tulipofika mtoni, mwendesha pikipiki alisimama mwenyewe, akanipa koti lake na kusogea mbali ili nioge.

Miezi minne baadaye barabara ilifunguliwa kwa malori ya maharage. Shemeji alinitafutia nafasi kwa dereva wa kwao. Nilikaa siku tatu bila kula, nikinywa maji na chumvi na sukari tu, ili tumbo liwe tupu. Tulipita vizuizi vitano. Sikumbuki mlima wowote wala kijiji chochote cha safari ile, nakumbuka nilivyobana meno tu.

Goma waliniingiza ile mashini, wakachukua vipande thelathini. Daktari alisema kwa macho anaona uvimbe tu, hakuna kinundu. Vipande vilipelekwa mbali, majibu yakachukua wiki tisa. Yaliporudi, seli za sehemu mbili zilikuwa zimeharibika. Haikuwa kansere bado, lakini safari ya kuifikia haikuwa ndefu. Walinikata utumbo mkubwa wote. Walipoupima baada ya kuutoa, walikuta kansere imeshaanza, ndogo kama punje ya mtama, mahali ambapo mashini ilikuwa imepita bila kuona kitu.

Sasa ninavaa mfuko tumboni, ndio unaopokea haja. Barabara ilifungwa tena nikiwa bado kitandani hospitalini, na mama yuko upande wa pili. Nimepanga chumba huku, nafundisha watoto wa wakimbizi. Mifuko ya dukani ni adimu, kwa hiyo naosha ile ile na kuikausha kivulini.

Nilimwandikia shemeji barua, kwa sababu mnara wa simu wa Walikale ulikuwa umekufa. Nilimwambia mtoto yeyote kati ya wale watatu akiona damu, asipewe dawa ya amiba miaka na miaka, aletwe Goma. Niliandika neno "aletwe," kisha nikalikodolea macho muda mrefu, nikijua njia ilivyo. Sikupata neno lingine. Yule dereva wa maharage aliichukua mwezi wa pili, akasema atajaribu kupita. Hajarudi bado.