Mama Aliyemuulizia Mtoto wa Swala

Ukitaka kunicheka, nicheke sasa umalize, kwa sababu haya niliyaona kwa macho yangu mawili, hapa hapa Kasubi, na sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa.

Mimi ni Mkenya niliyevuka mpaka kuja huku, nauza picha za kuchorwa kando ya barabara. Za uwindaji ndizo watu hupenda kutundika sebuleni. Niamini, mwenye nyumba akishatundika mnyama aliyeshindwa, hukaa chini yake kama mfalme. Mwaka jana nilikuwa na moja kubwa: wanaume wenye mikuki wanacheka, wamembeba mtoto wa swala akiwa hai, miguu imefungwa kwenye mti walioubeba mabegani.

Jioni moja mvua ikinyesha, akaingia kibandani mwangu mama aliyevaa gomesi, lile gauni refu la wanawake wa huku, ya rangi ya majani makavu. Hakuwa na mwavuli, lakini hakuwa amelowa. Akasimama mbele ya picha ile.

"Nyabo," akaniita, kama wanavyomwita mwanamke kwa heshima huku, "huyu mtoto wanapeleka wapi?"

"Ni picha tu, mama."

"Najua ni picha. Wanapeleka wapi?"

Akaniomba niishushe. Nikaishusha, nikidhani atanunua. Akapiga magoti, akainamisha kichwa, akaanza kumlamba yule mtoto mgongoni, taratibu, kama mnyama anavyomlamba mtoto aliyemzaa sasa hivi. Nilipotaka kumzuia, akainua uso. Macho yake yalikuwa meusi yote, hayana weupe, yamejaa machozi.

"Wako iko wapi?" akaniuliza.

Jamani, nani alimwambia nina mtoto?

"Yuko Bungoma, kwa mama yangu."

"Enda chukua yeye. Harufu ya mama inasahaulika."

Akatoka mvuani. Nilipochungulia barabarani, hapakuwa na mtu. Nikarudi kwenye picha. Wanaume bado wanacheka, mti uko mabegani mwao, kamba zinaning'inia tupu.

Kesho yake nilipanda basi. Binti yangu alijificha nyuma ya nyanya yake, akaniita anti.

Sasa tunakaa naye hapa, tunalala kitanda kimoja. Lakini akiota vibaya humwita nyanya yake, nami hubaki macho, nikizinusa nywele zake.

Picha za uwindaji siuzi tena. Na wewe uliyetundika moja kwako, akija mgeni akasimama mbele yake muda mrefu, usimwambie ni picha tu. Mshushie.