Foleni ya Ghorofani

Winifred Tasker alikuwa mwonyesha viti katika sinema yetu ya Kingfisher, mjini Hull, Uingereza, mwaka ule Wajerumani walipokuwa wakitumwagia mabomu. Mimi nilikuwa mpiga kinanda wa kutumbuiza wakati wa mapumziko. King'ora kikilia, meneja alipanda jukwaani kutangaza: anayetaka handaki aende, anayebaki abaki, filamu inaendelea. Wengi walibaki. Hawakuwa watu wa kufukuzwa na Mjerumani katikati ya filamu.

Jumamosi moja, wakati wa mapumziko, bomu la moto lilitoboa paa, likakwama juu ya dari ya ghorofani. Winifred aliuona moshi kabla ya wengine. Alinijia akitembea, maana mwonyesha viti akikimbia tu, ukumbi mzima unakanyagana.

"Piga kwa nguvu, Cyril," alininong'oneza. "Na usithubutu kunyamaza. Dari inaungua."

"Mama yako yuko juu!"

"Najua aliko mama yangu. Wewe piga!"

Nilipiga. Alipanda tena, akamulika tochi safu iliyo karibu na ngazi. "Jamani, tunashuka mmoja mmoja. Fundi anataka kutazama taa." Wakanung'unika, lakini wakapanga foleni. Ndivyo tulivyo, hata kuzimu tungeuliza nani wa mwisho.

Bi Tasker, mama yake, alikuwa safu ya nyuma kabisa. Yaliyosemwa huko nilisimuliwa na mzee mmoja mwenye mkongojo, aliyekaa naye.

"Mama, njoo huku mbele."

"Nikawapite hawa wote? Una wazimu? Watasema nabebwa kwa kuwa binti yangu ndiye mwenye tochi."

"Mama, nakuomba."

"Winnie, nilikulea hivyo? Nitangoja zamu yangu. Haya mzee wangu, tangulia wewe, una mguu mbovu."

Mzee alikuwa amefika katikati ya ngazi, Winifred akimmulikia, dari iliposhuka yote na kumfunika Bi Tasker.

Winifred hakupiga kelele. Chini bado kulikuwa na watu. Alisimama kwenye vumbi lile akawaongoza safu kwa safu mpaka ukumbi ukawa mtupu, na mimi nikapiga kinanda hadi mwisho kwa kuwa hakuwa ameniambia niache.

Kwa miaka nilimchukia yule mama kwa heshima yake ya kijinga. Siku moja nilimwambia Winifred hivyo hivyo, bila kificho.

"Ningeweza kumvuta mkono," alisema. "Nilikuwa nimeshanyoosha wangu. Nikaona aibu, Cyril. Watu walikuwa wanatutazama."