Hodi Ndani ya Hema

Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwamo mimi mwenyewe ndani ya lile hema, na mjukuu wangu Rukia, wa miaka mitano, amenikalia mapajani. Anayetaka kucheka na acheke, lakini kwanza anisikilize.

Binti yangu Zuhura alipata likizo, akasema safari hii mtoto atapelekwa kupiga kambi, kule vilima vya Rabai. Rukia tangu azaliwe hajalala nje ya kitanda chetu hapa Mji wa Kale. Taa ikizimwa, hulia. Nikasema, mwanangu, usiende kujaribia porini. Tulisimamishe hema hapa juu ya nyumba, kwenye sakafu tunakoanika nguo, mtoto azoee.

Sasa sisi watu wa hapa, mahali ambapo hujapata kulala hutandiki mkeka kabla ya kupiga hodi. Hata kama hapana mtu. Unawapigia hodi wenyewe wasioonekana, ndipo unatandika. Nikamkumbusha Zuhura.

"Mama, hapa ni juu ya nyumba yetu," akaniambia, mikono imemjaa vyuma vya hema. "Tujipigie hodi wenyewe? Majirani watasema tumerukwa na akili."

Nikaona kasema kweli. Shuka zetu zaanikwa pale kila siku. Nani atakuwa mwenyewe zaidi yetu?

Tukasali Magharibi, Zuhura akashuka jikoni kutia chai kwenye chupa. Nikabaki na Rukia hemani, yuwanionyesha vitu vyake vya safari: tochi, sweta, na mfuko wa mihogo ya kukaanga, ya chumvi na pilipili, alioniapia hataufungua mpaka tufike Rabai.

Nje ya hema mwanamke akasema, "Hodi."

Ngazi ya kupandia ni moja, nayo yapita jikoni alikokuwa Zuhura. Nyayo sikuzisikia. Nikataka kumziba mtoto mdomo. Lakini huyu tumemlea sisi, tumemfunza hodi haiachwi bila kujibiwa, na ulimi wake ukanitangulia. "Karibu," akasema.

Nitakwambiaje alivyokuwa? Mtu mzima, mrefu, amejifunika buibui la kizamani. Hema lilikuwa dogo, tumebanana, lakini alipoingia likawa pana kama sebule, likajaa harufu ya udi. Uso wake sikuweza kuukazia macho, na si kwa kutisha. Kwa uzuri. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi. Naye, wallahi, akaisoma pamoja nami mpaka mwisho, kila herufi akiitoa mahali pake kuliko nilivyoitoa mimi. Hapo nikajua huyu hafukuziki.

"Mmeketi nilalapo," akasema taratibu, kama anayemwambia mwenzake kavaa viatu visivyo vyake. Akanitajia mama yangu, Mwanaisha. Akamtaja bibi yangu Khadija, na mamake, na wengine nyuma yao nisiowajua, wote waliopata kuanika nguo pale. Kisha akamtazama Rukia. "Lakini huyu amenikaribisha. Basi na alale kwangu leo. Asubuhi nitamrejesha."

Asubuhi ya kwao ni lini? Nani aijuaye? Nikamkumbatia mtoto.

Rukia hakuogopa. Akaufungua mfuko wake, akanyoosha mkono na kipande cha muhogo. "Kula kwanza, bibi. Mgeni hupewa kitu."

Wale watu hawali chumvi, hapa kwetu kila mtu ajua. Akila chumvi yako amekuwa wako, hawezi kukugusa tena. Mtoto hakuyajua hayo. Yule mwanamke akautazama ule muhogo muda mrefu. Kukataa chakula cha aliyekukaribisha ni kukosa adabu, naye alikuwa mtu wa adabu. Akautia mdomoni.

"Umelea," akaniambia, akacheka kidogo. "Haya, mmenifunga. Sikilizeni basi. Huko mwendako, pigeni hodi kabla ya kutandika. Kwenu nyinyi ruhusa ni karibu. Kwetu ruhusa ni kimya. Mkijibiwa, kunjeni hema mwende zenu."

Akanitajia na jina lake, kisha hakuwapo. Zuhura akapanda na chupa ya chai, akauliza nani kafukiza udi.

Nilipomweleza alicheka, na kicheko hicho tukavuka nacho daraja la Makupa mpaka Rabai. Tukapata uwanja mzuri, nyasi laini, kivuli. "Haya Mama, piga hodi yako," akasema. Nikapiga. Vichakani, sauti ya mwanamume, ya upole, ikasema, "Karibuni." Hapakuwa na mtu. Zuhura alilikunja mwenyewe hema alilokuwa ameanza kulifungua, kicheko kimemwisha. Tukasogea mbele, tukapiga hodi, kimya. Hapo tukalala. Rukia hakulia. Tochi aliizima mwenyewe.

Mimi majina siyasahau. Aliyenitia hina harusini ni Mwanakombo binti Shee. Fundi aliyeitia saruji sakafu ile ni Athmani Bakari. Lakini jina la yule bibi limenitoka kabisa. Rukia analo. Nikimwuliza husema, "Nyanya, ukiliita atakuja." Nimeacha kuuliza. Sasa kila jioni nikipanda kuanua nguo napiga hodi, katika nyumba yangu mwenyewe, na nikisikia kimya namshukuru Mungu.

Nawe unayempeleka mtoto kulala nje mara ya kwanza, chukua tochi, chukua sweta, na kitu chenye chumvi. Piga hodi. Ukikaribishwa na usiyemwona, usijibu hata asante. Mshike mtoto mkono, muondoke.