Nyumba ya Nguzo Nne

Verdiana amepiga picha za pasipoti pale Kilosa tangu enzi za filamu, na chumba chake cha kazi ni kile cha pembeni kwenye nyumba ya nguzo nne, njia ya kwenda stesheni. Ni nyumba ya zamani hasa. Juu ya mlango mkubwa kuna mwaka, 1931, na maua ya chokaa pande zote mbili. Mafuriko ya mto Mkondoa yaliangusha nyumba za juzijuzi, hii ikabaki na alama ya tope ukutani.

Sasa mwenye nyumba, mzee Fortunatus, anataka kujenga fremu mpya za maduka. Amewaambia wapangaji watoke, eti nyumba imepasuka mbele, itaua watu. Kikao kwa mtendaji wa kata ni leo saa nne. Verdiana akasema moyoni, haya, wataiona hiyo mipasuko.

Tatizo, mchana uso wa nyumba ile hauonekani. Jua likichomoza tu wauza mitumba wanafunga kamba kwenye nguzo, na turubai juu, basi. Ndiyo maana alfajiri ile alikuwa ameshasimamisha kamera yake ng'ambo ya barabara.

Mlinzi, Machibya, kijana wa Kisukuma kutoka Tindiga, akamjia na rungu kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee kasema hapa hakuna kupiga picha."

"Hapa wapi?"

"Kwenye nyumba."

"Mimi niko barabarani. Na barabara nayo kainunua?"

Machibya akaitazama barabara, akaitazama nyumba. "Hilo hakuniambia."

"Basi nenda kalinde mlango wako. Simama katikati, watu waone ulivyo mrefu."

"Mlango au mimi?"

"Wote wawili."

Akaenda, akasimama kifua mbele. Mbingu ilikuwa na rangi ya majivu, hakuna kivuli popote. Verdiana akapiga. Nguzo zote nne, maua, mwaka. Ufa, hakuna hata mmoja.

Pikipiki ya mzee ikafika kabla hajafungasha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Futa hizo picha."

"Sifuti."

"Hii ni nyumba yangu, Verdiana."

"Ndiyo, mzee. Na picha ni zangu."

"Chumba huna tena."

"Hilo tutalisikia saa nne."

Akaingia ndani, akachapa moja kubwa, akaibandika nje kwenye ubao wake, juu ya sura za watu wa pasipoti. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni wakasimama.

"Kumbe ina maua," akasema mmoja, aliyekuwa akipita pale tangu utoto wake.

Mzee Fortunatus akaibandua, akaichana vipande vipande. Verdiana akamngoja amalize. Kisha akarudi ndani, mashine ikakoroma, akatoka na nyingine, akaibandika palepale.

Ya tatu ilikuwa tayari mkobani, ya kwenda nayo kikaoni.