Jumapili ya Feza

Jumapili ile, mwanangu, nilikuwa nimeinama juu ya sufuria, nasonga bukari, ugali wa kwetu, ya ukoo mzima, simu ya mume wangu ikalia kutoka Torino, huko Italia. Alikuwa wifi yangu Feza.

Tulikuwa na chumba kimoja hapa Joburg, mtaa wa Bellevue, ndani ya nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa kwa mbao. Jumatatu mpaka Jumamosi nilisuka nywele za watu mjini. Jumapili, tukitoka kanisani, wadogo zake mume wangu wote walikuja kula kwetu. Lubumbashi ndivyo walivyolelewa: Jumapili watu wanakula kwa kaka mkubwa. Na kwa kaka mkubwa, mwanangu, maana yake ni kwa mikono ya mke wa kaka mkubwa.

Feza alikwenda kule kumtunza bibi kizee mmoja. Miezi ya kwanza alikuwa akilia tu kwenye simu. Siku hiyo hakulia. Alikuwa amezoea. Basi lake alilijua, na mwenye duka la mkate alikuwa akimsalimu kwa jina.

"Na Jumapili unafanya nini?" shemeji yangu Ilunga akamuuliza.

"Jumapili natembea. Watu wa huku wakishakula mchana wanavaa vizuri, wanapita chini ya vibaraza vya mjini mpaka mtoni, halafu wanarudi. Na aiskrimu mkononi."

"Wanakwenda wapi?"

"Hakuna wanakokwenda. Wanatembea tu. Mwanzo niliona aibu, nikawa nabeba mfuko wa duka ili watu wadhani nimetumwa. Sasa mfuko nauacha nyumbani."

Chumba kizima kikacheka. "Eish, dada! Umeshakuwa mzungu!"

Mimi sikucheka. Wivu ulinishika hapa, chini ya mbavu, nikashindwa hata kugeuza mwiko. Usifikiri nililionea wivu koti lake au pesa zake. Nilionea wivu ule mfuko alioacha nyumbani. Maana mimi, tangu nizaliwe, sijawahi kutoka mlangoni bila kutumwa na mtu au na njaa.

Simu ilipokatwa nikaanza. Nikasema Feza amekuwa mvivu. Nikasema mwanamke mwenye akili hazururi mtoni kama mbuzi aliyekata kamba. Nikasema na mengine, sitayarudia hapa. Wanaume walikuwa wanatazama mpira.

Mama mkwe wangu ndiye aliyenijibu. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Lubumbashi, amekaa kitandani, anachambua mboga. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mama Riziki," akaniita, "Feza amekukosea nini?"

"Hajanikosea, mama."

"Basi amepumzika. Unamsema mtu kwa sababu amepumzika?"

Nikaushika tena mwiko.

"Kama na wewe umechoka, sema nimechoka. Mwaka mzima uko na mdomo, na siku ya kuutumia unamtukana mtu aliye mbali, asiyekusikia."

Nilikasirika, mwanangu. Nikamwambia kwa sauti, "Sawa, mama. Nimechoka. Nataka Jumapili yangu. Sasa nani atapika?"

Akawatazama wanawe, wamenyoosha miguu mbele ya televisheni kama magogo. "Hawa wana mikono. Niliwazaa nayo."

Jumapili iliyofuata alikalia kiti mbele ya jiko, akampa mume wangu mwiko, mimi akaniambia nivae viatu. Mume wangu aliniangalia kama mtu anayepelekwa polisi. Nikatoka. Nilisimama getini muda mrefu, sijui niende wapi. Mwisho nikapanda teksi mpaka Fordsburg, nikaagiza chai ya maziwa kwenye mkahawa, nikakaa. Kila mtu akiingia nainuka kidogo, nadhani atanituma. Sikufurahi sana, nisikudanganye. Lakini chai niliinywa ikiwa moto mpaka mwisho, na hilo lilikuwa halijanitokea tangu niolewe.

Niliporudi nikamkuta Ilunga anasukuma sahani. "Mama, hii ni bukari au ni saruji?"

"Kula," mama mkwe akasema. "Ukitaka laini, jiko lile pale. Jumapili ijayo ni zamu yako."

Na kweli ilikuwa zamu yake.

Feza alipopiga tena, niliomba simu mimi mwenyewe. Nikamuuliza, "Hiyo Jumapili nani alikupa?"

Akacheka. "Nani wa kunipa, wifi? Bibi alitaka nifanye kazi siku zote. Kiitaliano sikijui, nikajifunza maneno mawili: domenica no. Jumapili hapana. Alinuna wiki nzima. Halafu akazoea."

Sasa sikiliza. Nakuona kila Jumamosi umeinamia simu, unatazama picha za rafiki yako aliyehamia Milano, meza za nje, vikombe vidogo, jua la jioni. Unasonya. Unasema anajidai. Labda anajidai, mimi simjui. Lakini jiulize ni kitu gani hasa katika picha ile kimekuchoma, kisha kitafute hicho. Kama ni mapumziko, yadai kwa bosi wako, yadai kwa mume wako, yadai hapahapa Joburg. Atakayenuna anune. Usimpige mwenzako kwa ulimi kwa sababu yeye alisema hapana na wewe uliogopa kuisema. Na kama kwako kuna mwanamke anayepika kila Jumapili wakati wewe umenyoosha miguu, inuka leo umpokee mwiko.

Wivu hauishi, nisikufiche. Feza mpaka leo ana mto wa kutembea kandokando yake, sisi Joburg mto wa maana hatuna, na bado inaniuma. Lakini tunapigiana simu.

Mungu akupe kazi, mwanangu, na akupe ujasiri wa kuiacha siku moja kwa wiki. Chai yako uinywe ikiwa moto. Amina.